Ubao Mmoja, Watu Wanne, na Msomaji wa Karata

Mfuko wa barua wiki hii umejaa mikopo, mashemeji na wachumba wasiopokea simu, kama kawaida yake. Lakini kuna barua moja imenifanya niyaweke hayo yote kando. Imetoka kwa binti wa Mbeya, na wala haihusu mapenzi. Isomeni kwanza, kisha tuzungumze.

"Dada, shikamoo. Mimi ni mtoto wa pili, kwetu tuko wanne. Kaka yetu kamaliza kidato cha sita, chesi kajifunza shuleni, na nyumbani hakuna wa kumgusa. Mwezi uliopita rafiki yake alimletea karata za kuchezea chesi. Unacheza kama kawaida, ila kila mtu ana karata mkononi, na kila karata ina maelekezo yake kwa Kiingereza. Tukajua sasa tutapumua. Ndiyo kwanza tumeharibikiwa! Mchezo ni wa wawili, sisi wanne, basi tukajigawa timu. Kaka ndiye anayesoma karata na kututafsiria, na kila tafsiri inaishia kumfaa yeye. Mdogo wetu wa mwisho ana miaka tisa. Anaambiwa anyamaze, anakaa pembeni analia. Mama kasema Jumamosi ijayo ubao unageuka kuni. Nifanye nini?"

Marahaba, mdogo wangu. Mama yako nampenda kabla sijamjua. Lakini mwombe aushushe ubao, kwa sababu mwenye kosa si ubao, na wala si karata. Nyumba yenu imempa mtu mmoja kazi mbili, kucheza na kuamua, na hapo hata angekuwa malaika angejipendelea. Tutamvua moja ya kazi hizo. Ila kwanza nikueleze mlichonacho mikononi, maana ni kitu kizuri na nisingependa mkitupe.

Chesi yenye karata si jambo la jana. Mwaka 1991 Wafaransa wawili, Pierre Cléquin na Bruno Faidutti, walitoa mchezo unaoitwa Tempête sur l'échiquier. Mwaka 1996 kampuni ya Marekani, Steve Jackson Games, ikautoa kwa Kiingereza kwa jina la Knightmare Chess. Kete ni zilezile, ubao uleule wa miraba 64, farasi anaruka vilevile. Kinachoongezeka ni karata, ambazo kila moja inavunja sheria fulani: hii inabadilishana nafasi za kete mbili, ile inarudisha kete iliyokwisha kuliwa, nyingine inamzuia mwenzako kufanya alichokusudia. Hizo za kaka yako, kwa ulivyonieleza, ni za ukoo huo.

Sasa kwa nini mtu aichezee hivyo chesi, mchezo uliojitosheleza? Kwa sababu ya watu kama kaka yako. Chesi ya kawaida haina bahati hata chembe, na haina siri. Kila kitu kiko mezani, macho pima. Aliyesoma zaidi anamshinda aliyesoma kidogo, leo, kesho na mwakani. Mwaka huohuo wa 1996, kule Buenos Aires, Bobby Fischer, aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka 1972, alitangaza chesi yake ambayo safu ya nyuma inapangwa kwa bahati nasibu, mipangilio 960 inayowezekana, kwa sababu alichoshwa na watu wanaokariri mianzo ya mchezo vitabuni. Ikiwa bingwa wa dunia alichoka na wakariri, wewe wa Mbeya ni nani usichoke na kaka?

Watu husema karata zinaleta bahati kwenye chesi. Ni kweli, lakini kwa maoni yangu si hilo kubwa. Kubwa ni siri. Mtoto wa miaka tisa akishika karata tatu kifuani, kaka mtu hajui kilichomo. Ngome aliyoiona keshaila inaweza kumponyoka. Analazimika kumtazama mdogo wake usoni, pengine kwa mara ya kwanza tangu muanze kucheza, ajiulize huyu anawaza nini. Hofu hiyo ndogo ndiyo mnayoitafuta nyumbani kwenu.

Lakini siri haina faida ikiwa kila karata lazima ipite mdomoni mwa mtu mmoja. Mtoto anashika karata, haielewi, anampelekea kaka amsomee, na siri imekufa palepale! Kwa hiyo karata hizo za Kiingereza ziwekeni kabatini kwanza. Siku mkiwa na utulivu kaeni wote wanne, mchague kumi tu, mziandike kwa Kiswahili kwenye vipande vya karatasi. Karata isiyotoshea kwenye sentensi mbili iacheni. Na mwandishi awe huyo wa miaka tisa, kwa hati yake, hata kama herufi zinapanda mlima. Kitu ulichokiandika mwenyewe hakuna wa kukugeuzia maana.

Wakati hizo zinasubiri, nawapa mchezo wa watu wanne kwa ubao mmoja. Wazo lenyewe ni kongwe. Al-Biruni, mwanachuoni aliyeandika kitabu kikubwa kuhusu India karibu mwaka 1030, alieleza chesi ya watu wanne aliyoikuta huko: kila mmoja ana kete nane kwenye pembe yake, na dadu ndiyo inayosema kete gani isogezwe. Wengi siku hizi huiita chaturaji. Mimi nimeondoa dadu nikaweka karata za kawaida, hizi za dukani zenye kopa na shupaza.

Fanyeni hesabu muone inavyokaa. Seti moja ya chesi ina kete 32. Gawa kwa wanne, kila mtu nane: vitunda vinne, ngome moja, farasi mmoja, askofu mmoja na mfalme. Wafalme wako wawili tu, sivyo? Basi malkia wawili nao wanakuwa wafalme, na hakuna kete inayobaki nje. Ili msichanganyikiwe, chukueni uzi mwekundu wa kushonea, mfunge shingoni kwa kete nane nyeupe na kete nane nyeusi. Vuteni fundo libane, maana uzi uliolegea unateleza hadi chini ya kete na ugomvi unaanza upya, huyu wangu, huyu wako. Sasa mna majeshi manne: nyeupe, nyeupe yenye uzi, nyeusi, nyeusi yenye uzi.

Kila mmoja akae upande wake wa ubao, apange kete kwenye nusu ya kushoto ya upande huo. Ngome pembeni kabisa, kisha farasi, kisha askofu, kisha mfalme. Vitunda vinne mbele yao. Vitunda vinakwenda hatua moja moja kuelekea upande wa pili, vinakula kwa mshazari. Nyingine zinatembea mnavyozijua.

Karata: toeni jokari, mchange, kila mtu apewe tatu. Zamu inakwenda kwa mshale wa saa. Ukifikiwa, unatupa karata moja, unasogeza kete, unaokota nyingine. Shupaza ni ngome. Pau ni farasi. Uru ni askofu. Kopa ni kitunda au mfalme, uchague mwenyewe. Hizo ni namba, kuanzia mbili hadi kumi. Zenye picha, zote kumi na mbili, ni ruhusa: ukitupa picha unasogeza kete yako yoyote. Na ree, ile yenye A, inarudisha kitunda chako kimoja kilicholiwa. Unakiweka kwenye mraba mtupu ndani ya eneo ulikoanzia. Kama huna karata inayofaa, tupa moja, okota nyingine, zamu imepita. Basi. Fungu likiisha, changeni zilizotupwa mwendelee.

Hakuna cheki, hakuna chekimeti. Mfalme analiwa kama kete nyingine. Na hapa nisikilize vizuri, mdogo wangu, kwa sababu ndipo machozi ya nyumbani kwenu yanapotoka: aliyeliwa mfalme asitoke. Aendelee na kete zilizobaki. Michezo mingi ya watu wengi ina dhambi hii moja, inamtoa mtu mapema halafu inamtaka akae nusu saa akiangalia wenzake wanavyofurahi. Ninyi hesabuni pointi. Kitunda moja, farasi na askofu tatu tatu, ngome tano, mfalme saba. Wekeni kengele ya simu ilie baada ya dakika arobaini. Ikilia, mkono unasimama hewani, mnahesabu pointi za kete mlizokula, mwenye nyingi kashinda. Mama naye atajua sufuria lipande lini.

Nani akae wapi? Usilichukulie jambo hili kirahisi. Kwa mpangilio huo, vitunda vyako vinapita moja kwa moja kwenye mfalme wa jirani yako wa kushoto, na vitunda vya jirani wa kulia vinakuja kwa mfalme wako. Jaribuni mtaona: hatua mbili tu za kitunda na mfalme wa jirani yuko hatarini. Kwa hiyo ukimkalisha mtoto kushoto kwa kaka, umemtupia mamba. Mkalishe kulia kwake. Hapo kaka ndiye atakayekaa akitazama bega lake la kulia mchezo mzima, na mtoto atajua kuwa kuna mtu mkubwa anayemwogopa. Wewe kaa mkabala na kaka, mfuatilie uso.

Na kaka ashike karata mbili badala ya tatu. Mtoto ashike nne. Akilalamika, mwambie kwa upole kuwa mtu anayejua chesi yote hahitaji msaada mwingi. Kwa kijana aliyemaliza kidato cha sita sentensi hiyo inaingia vizuri kuliko kumwambia anaonea watu. Ikifika siku mtoto anashinda mara kwa mara, mrudishe kwenye tatu. Atajivuna kupunguziwa.

Nimekumbuka kitu kingine ambacho hukukiuliza, lakini kitakuja tu. Chesi ya wawili haina siasa. Chesi ya wanne ni siasa tupu. Wiki ya kwanza mtaungana watatu dhidi ya kaka, mtamchuna hadi ngozi, mtacheka. Wiki ya pili kaka atakwenda jikoni kumnong'oneza mtoto: usinile nami sikuli. Kuungana si kosa, ni sehemu ya mchezo, na atakayewaambia ni udanganyifu basi hajawahi kushindwa na watu wawili kwa wakati mmoja. Ila wekeni sharti: mapatano yasemwe mezani, kwa sauti, wote wasikie, na yadumu mzunguko mmoja tu. Yaliyofanywa jikoni hayatambuliki. Mtu akivunja neno lake mzunguko ukiwa haujaisha, apoteze karata moja. Zaidi ya hapo msimwadhibu, kwani wenzake watamkumbuka wenyewe zamu ijayo.

Mkitaka timu, basi wenye rangi moja wakae wakitazamana, kama mnavyokaa kwenye karata za barazani. Mpigie mbiu mapema yule mwenye tabia ya kukohoa akishika picha. Ishara marufuku.

Kuhusu maamuzi: sheria zote mziandike ukurasa mmoja wa daftari kabla ya kugawa karata ya kwanza. Ukitokea ubishi juu ya jambo lisiloandikwa, waamue wale wawili wasiohusika. Wakikubaliana, imekwisha. Wasipokubaliana, karata inarudi mkononi, anacheza nyingine, na sheria mpya inaandikwa baada ya mchezo, kamwe si katikati. Kaka yako akisema "kimataifa hatufanyi hivyo", mjibu kwamba hapa ni Mbeya na daftari liko mezani.

Haya, barua ya pili ni fupi na inagusa mlemle. Mama mmoja wa Tanga anaandika kwamba kijana wake wa kidato cha pili amekutwa na wenzake wakicheza chesi kwa karata. Nyumbani kwao karata hazikanyagi mlangoni, ni kamari, na sasa hajui kama amkanye kwa chesi, kwa karata, au kwa vyote viwili.

Mama yangu, shikamoo. Nyumba ni yako na mwiko ni wako. Sitakwambia uuvunje, na kijana asitumie ukurasa huu kukubishia. Lakini mchezo huu hauhitaji kopa wala shupaza. Mnunulie karatasi moja ya manila, akate vipande vidogo vinavyolingana. Kwenye vingine aandike "ngome", kwenye vingine "farasi", "askofu", "kitunda au mfalme", na vichache "yoyote". Vya kitunda viwe vingi kuliko vingine, maana vitunda ndivyo vingi ubaoni. Amepata alichotaka, nawe hujaingiza karata ndani. Kinachofanya kamari ni dau. Siku ukisikia wameweka hata shilingi mia mezani, kunja ubao bila kueleza neno.

Na huyu wa mwisho ni kijana wa Mwanza, fundi simu, kamchumbia mwalimu anayefundisha watoto chesi baada ya masomo. Anasema kila wakikaa wawili yeye anafungwa kabla chai haijapoa, na anaulizia zawadi itakayompa nafasi bila kuonekana anakimbia.

Bwana mdogo, ulipoandika "bila kuonekana nakimbia" nimecheka peke yangu. Tafuta Onitama. Ni mchezo wa Mjapani, Shimpei Sato, uliotoka mwaka 2014. Ubao wake ni mdogo, miraba mitano kwa mitano, na kila mmoja ana kete tano tu: bwana mmoja na wanafunzi wanne. Sanduku lina karata kumi na sita za mitindo ya kutembea, lakini kila mara mnatumia tano peke yake: mbili zako, mbili zake, moja ya katikati. Zote ziko wazi. Ukitumia karata, unaiweka katikati na kuchukua iliyokuwepo pale. Hiyo uliyoitumia inakwenda kwa mwenzako. Yaani mbinu uliyombania nayo sasa hivi, akishacheza zamu yake anaichukua yeye. Unashinda kwa kumla bwana wake, au kwa kumfikisha bwana wako kwenye kiti cha bwana wake.

Uzuri wake kwako ni kwamba vitabu vyote vya chesi alivyosoma havimsaidii sana humo, maana mianzo inabadilika kila karata tano zinapobadilika. Mtaanza karibu sawa. Sikuahidi zaidi ya hapo, kwa sababu mtu aliyezoea kufikiri hatua tatu mbele hata ukimpa vizibo vya soda atafikiri hatua tatu mbele. Usipoupata madukani, miraba ishirini na tano unaichora kwa rula, na kete ni hizohizo vizibo.

Mnunulie au mchoree, ni sawa. Na akikufunga tena, peleka mahari upesi, maana huyo hutampata mwingine.